Fahamu: Wadudu wa maua ya ndani na namna ya kuwadhibiti

Jani likinata ukiligusa, au sisimizi wakipanda chunguni, geuza majani uangalie chini yake.

Vidung'ata huonekana kama vipande vya pamba kwenye vikonyo. Utitiri ni mdogo mno: gonga jani juu ya karatasi nyeupe, vinukta vikitembea, ndio huo. Hustawi kwenye hewa kavu. Vijinzi vyeusi vinavyoruka juu ya udongo ni dalili ya maji kuzidi.

Kwanza tenga mmea. Vidung'ata vifute kwa pamba yenye spiriti. Utitiri uoshe kwa maji, kisha pulizia sabuni ya maji, kijiko 1 cha chai kwa lita 1. Rudia kila wiki, kwani mayai husalimika. Kwa vijinzi, acha udongo wa juu ukauke kabla ya kumwagilia tena.