Je, Matumbawe Hai Yanaweza Kufugwa Kwenye Tangi la Maji Baridi?

Kikundi kimoja cha vijana kilileta ofisini kwetu andiko la mradi. Vijana hao waliomba mkopo wa kuanzisha biashara ya matangi ya vioo ya samaki wa mapambo, ili wayauze kwenye nyumba za wageni na maofisi ya mikoa ya bara. Wazo lilikuwa zuri na bajeti ilipangwa vizuri. Hata hivyo, kipengele kimoja kilinisimamisha: "Matumbawe hai kutoka baharini, vipande 40." Maji waliyokusudia kutumia yalikuwa ya bomba.

Kumbe walikuwa wameshafanya jaribio. Kipande chenye ukubwa wa ngumi kiliwekwa kwenye tangi lenye perege sita. Siku ya pili kilifunikwa na ute, rangi yake ya kahawia ikatoka, na maji yakaanza kunuka. Siku ya tatu perege wanne walikuwa wanaelea. Vijana walidhani wamepata tumbawe gonjwa, ndiyo maana wakataka fedha za kupata mengine. Ilibidi tukae nao na kueleweshana. Maelezo hayo ndiyo ninayoyatoa hapa, maana swali lao si lao peke yao.

Jibu kwa kifupi ni hapana. Matumbawe yanayojenga miamba ya baharini hayawezi kuishi katika maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi kama ya mto, kisima au bomba. Tuone sababu zake.

Tumbawe ni mnyama

Watu wengi hudhani tumbawe ni jiwe, na wengine huliona kama mmea. Kwa kweli ni kundi la wanyama wadogo sana walioshikana, ambao wengi wao hawazidi milimita chache kwa upana. Kila mmoja ana mdomo uliozungukwa na mikono midogo ya kukamatia chakula. Ni ndugu wa yavuyavu. Jiwe tunaloliona ni nyumba ya chokaa ambayo wanyama hao huijenga chini yao, na nyama yenyewe ni utando mwembamba juu ya jiwe hilo. Ndani ya nyama hiyo huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Rangi ya kahawia ya kile kipande ilitokana na mwani huo.

Kwa nini maji baridi huliua

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na mwili wa tumbawe una nguvu ya chumvi inayolingana na hiyo. Maji ya bomba kwa kawaida hayana hata gramu moja kwa lita. Sasa chukua zabibu kavu, uiweke kwenye glasi ya maji. Baada ya saa chache itavimba, kwa sababu maji huingia kupitia ngozi yake kwenda mahali penye sukari nyingi zaidi. Kitendo hiki huitwa osmosisi. Ndicho kinacholipata tumbawe: maji huingia katika chembe hai zake, chembe huvimba na kuharibika, na nyama hubanduka kutoka kwenye jiwe.

Mtu atauliza, mbona perege hapasuki? Perege ana figo zinazotoa maji ya ziada kwa njia ya mkojo, na matamvua yake hushika chumvi isipotee. Tumbawe halina figo wala kiungo kingine cha kazi hiyo.

Nyama iliyokufa inapooza hutumia oksijeni ya maji na kutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Hivyo ndivyo wale perege wanne walivyokufa.

Bahari yenyewe inathibitisha jambo hili. Kwenye mlango wa mto mkubwa kama Rufiji tunakuta mikoko na tope. Miamba ya matumbawe iko mbali na maji ya mto, kama ile ya upande wa mashariki wa kisiwa cha Mafia.

Je, tukiongeza chumvi ya mezani?

Hili lilikuwa swali la pili la vijana. Chumvi ya mezani ni aina moja tu ya chumvi. Maji ya bahari yana pia magnesiamu, na kalsiamu ya takriban miligramu 400 kwa lita, ambayo tumbawe huitumia kujenga nyumba yake. Wafugaji wa matumbawe hununua chumvi maalumu, na tangi la lita 100 huhitaji kilo 3 na nusu hivi. Tangi hilo likishatiwa chumvi kiasi hicho si la maji baridi tena, na kambale au samaki wa mapambo wa maji baridi hawatavumilia humo. Aidha, zinahitajika taa kali, pampu ya kusukuma maji mfululizo na joto lisilobadilikabadilika. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, hasara ni kubwa.

Yapo maumbile ya ukoo huo katika maji baridi. Ziwa Tanganyika lina yavuyavu wake wadogo, na katika mabwawa yetu yupo hidra. Lakini hakuna hata moja linalojenga mwamba.

Tumbawe lililokufa nalo hubadilisha maji

Jiwe la tumbawe lililokauka ni chokaa. Likikaa kwenye tangi huyeyuka polepole na kupunguza uchachu wa maji, kama mkulima anavyopunguza uchachu wa shamba kwa chokaa. Samaki wa Ziwa Tanganyika hupenda hali hiyo, kwa kuwa maji ya ziwa hilo yana pH inayokaribia 9. Samaki wa mito yenye maji laini huidhoofikia. Kwa wanaohitaji chokaa, makombe yaliyotupwa baada ya kuliwa hufanya kazi hiyo hiyo.

Hasara isiyoonekana kwenye bajeti

Tumbawe la aina ya mviringo kwa kawaida hukua kama sentimita moja au chini ya hapo kwa mwaka. Lenye kimo cha mita moja linaweza kuwa na umri wa miaka 100. Katika miamba hiyo samaki hupata chakula na watoto wao hupata maficho, na mvuvi hupata kitoweo. Miamba yetu imeumizwa na baruti kwa miaka mingi, na joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi ya pwani hii. Kung'oa vipande 40 ili vife kwa siku tatu ni hasara kwa mnunuzi, na ni hasara zaidi kwa mvuvi. Ieleweke pia kwamba matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, hivyo biashara yake ya kimataifa inahitaji vibali.

Ushauri kwa wafugaji

1. Usiweke tumbawe hai kwenye tangi la maji baridi.
2. Pamba tangi kwa mawe ya mtoni, vipande vya gogo lililolowekwa na mimea ya majini.
3. Kabla ya kuweka makombe, fahamu samaki wako wanatoka katika maji ya aina gani.
4. Kitu chochote kikianza kunuka ndani ya tangi, kiondoe na ubadilishe sehemu ya maji siku hiyo hiyo.

Vijana walifuta kipengele kile, na bajeti ikapungua. Mmoja wao aliuliza kama kile kipande kikirudishwa baharini kitafufuka. Tulimjibu kwamba hakitafufuka. Vile ambavyo havijang'olewa ndivyo vilivyobaki kuokolewa.