Taa ya LED kwa maua ya ndani: rangi gani, ukali kiasi gani, na kwa muda gani

Taa za LED za kukuzia mimea, hasa zile zinazotoa mwanga wa zambarau, zinauzwa mitandaoni na madukani kwa ahadi kubwa: ua litachanua popote, hata katika chumba kisicho na dirisha. Ahadi hiyo inaweza kutimia. Lakini mkazi anayelipia tokeni za umeme kila wiki ana haki ya kujua analipia nini, kwa sababu taa ghali si lazima iwe ndiyo inayofaa, na kwa baadhi ya maua tyubu ya kawaida ya LED inatosha kabisa.

Suala hili linawahusu watu wa aina mbili katika Kaunti ya Taita Taveta. Wa kwanza ni wapangaji wa Voi, Mwatate na Taveta ambao dirisha lao linatazamana na ukuta wa jirani. Wa pili ni wauzaji wa maua ya vyungu, wengi wao kina mama na vijana, hasa wale wa milimani ambako ukungu wa Juni hadi Agosti huifanya nyumba kuwa na giza hata adhuhuri.

Mfano mzuri wa kuelezea jambo hili umo humu humu katika kaunti. Vayoleti ya Afrika, ua dogo lenye majani ya manyoya ambalo hupamba madirisha Ulaya na Marekani, asili yake ni milima ya Kenya na Tanzania. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa utawala wa Kijerumani katika eneo la Tanga, aliliona Usambara na kumpelekea babake mbegu Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland alilipa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Jamii moja ya ua hilo, iliyopewa jina la Taita, Saintpaulia teitensis, humea porini katika kilima cha Mbololo na haipatikani kwingine duniani.

Mahali linapomea ndipo penye jibu la swali la taa. Vayoleti hukaa kwenye miamba yenye unyevu, chini ya miti mirefu, ambako jua kali halifiki. Ni ua la kivuli. Ndiyo maana hukubali kuishi ndani ya nyumba, na ndiyo maana halihitaji taa kubwa.

Ukali wa mwanga kwanza

Wengi huanza kwa kuuliza rangi ya taa. Ni vyema kuanza na ukali, kwa sababu hapo ndipo macho ya binadamu hudanganya zaidi. Mboni ya jicho hutanuka gizani na kusinyaa mwangani, hivyo sebule iliyowashwa balbu moja usiku huonekana angavu, ilhali mara nyingi mwanga wake hauzidi luksi 200. Nje, jua la adhuhuri hufikia takriban luksi 100,000. Mtu anaweza kusoma gazeti kwa luksi 200 bila shida. Vayoleti ikiachwa katika mwanga huo itaishi kwa muda, majani yatarefuka vikonyo yakitafuta mwanga, na ua halitatoka.

Luksi ni kipimo cha mwanga kama jicho linavyouona. Wataalamu wa mimea hutumia kipimo kingine, mikromoli kwa kila mita mraba kwa sekunde, ambacho huhesabu chembe za mwanga zinazofika kwenye jani. Kwa taa nyeupe za LED, kugawanya luksi kwa 70 huleta jibu lililo karibu na kipimo hicho. Vayoleti huchanua vizuri ikipata mikromoli 100 hivi kwa muda wa saa 12 kila siku, yaani karibu luksi 7,000. Simu nyingi zinaweza kuwekwa programu ya kupima luksi. Vipimo vyake si sahihi kabisa, lakini vinatosha kutofautisha luksi 700 na 7,000, na hiyo ndiyo tofauti kati ya kuchanua na kutochanua.

Chukua rafu ya urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 30. Tyubu mbili za LED za futi mbili, za wati 10 kila moja, hutoa pamoja mwanga wa takriban lumeni 2,000. Tuseme asilimia 60 ya mwanga huo inaifikia rafu na uliobaki unapotea pembeni. Rafu itapata karibu luksi 6,700. Hicho ni karibu kipimo kile kile ambacho vayoleti inahitaji, na hakuna taa maalum iliyonunuliwa. Tyubu zining'inizwe sentimita 25 hadi 30 juu ya majani, na pande za rafu zipakwe rangi nyeupe au zizungushiwe karatasi ya fedha ili mwanga urudi ndani.

Umbali una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Balbu ya duara ikisogezwa mbali mara mbili, mwanga unaofika kwenye mmea hushuka hadi karibu robo. Kwa tyubu ndefu mwanga hupungua polepole zaidi, na hiyo ni sababu moja ya kuipendelea tyubu kwa rafu.

Maua ya jua ni hesabu nyingine. Waridi za vyungu na jirania huhitaji mara tatu ya mwanga huo au zaidi, na kwa muda mrefu zaidi kwa siku. Mtu asiye na sababu maalum ya kuyafungia ndani afadhali ayaweke barazani, ambako jua halitozwi tokeni.

Kwa nini zambarau?

Chembechembe za kijani za jani hufyonza zaidi mwanga wa buluu na mwekundu. Kwa msingi huo, watengenezaji wa taa za kwanza za LED za mimea waliacha rangi nyingine na kuchanganya hizo mbili tu, na macho huona mchanganyiko huo kama zambarau. Mantiki haikuwa mbaya, ila ilikuwa nusu. Mwanga wa kijani nao hutumika. Sehemu yake huakisiwa, ndiyo maana jani huonekana kijani, lakini sehemu kubwa hupenya ndani ya jani na kufikia hata majani ya chini.

Taa ya zambarau ina tatizo jingine ambalo muuzaji hataji. Chini yake mtu haoni rangi halisi ya mmea. Jani linaloanza kuwa njano, doa la ukungu, wadudu weupe kwenye kikonyo, vyote hufichika hadi viwe vimeenea. Tena ni taa inayochosha macho ya wanaoishi chumba kimoja na hayo maua.

Taa nyeupe ya LED kwa kweli ni taa ya buluu iliyofunikwa kwa unga wa fosfori, ambao hugeuza sehemu ya buluu kuwa njano, kijani na nyekundu. (Ugumu ulikuwa kuipata hiyo buluu: Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo.) Kwa hiyo taa nyeupe ina rangi zote ambazo mmea unahitaji, kwa viwango tofauti. Viwango hivyo huonyeshwa kwenye paketi kwa namba yenye herufi K. Taa ya 6500K ni nyeupe inayoelekea buluu, na mmea chini yake hubaki mfupi na ulioshikamana. Taa ya 3000K ina rangi ya joto, nyekundu nyingi na buluu kidogo, na vikonyo vinaweza kurefuka. Kwa maua ya ndani, 4000K ni chaguo la wastani lisilo na lawama. Mwenye tyubu mbili anaweza pia kufunga moja ya 3000K na nyingine ya 6500K.

Giza nalo ni chakula

Vayoleti haijali sana urefu wa usiku, lakini inahitaji kupumzika gizani angalau muda wa saa nane. Kuwasha taa usiku kucha hakuongezi maua. Taima ndogo ya kuchomeka ukutani, iliyowekwa kuwasha saa kumi na mbili asubuhi na kuzima saa kumi na mbili jioni, humwondolea mtu kazi ya kukumbuka.

Poinsetia, ua jekundu la Krismasi, ni tofauti kabisa. Hilo hupima usiku. Linahitaji giza lisilokatizwa la takriban muda wa saa 14 kila usiku, kwa wiki nane hadi kumi, ndipo majani ya juu yageuke mekundu. Likikaa sebuleni ambako taa huzimwa saa nne usiku, litabaki kijani mwaka mzima na mwenyewe alaumu mbolea. Anayelitaka jekundu Desemba alifunike kwa katoni kuanzia mapema Oktoba, saa kumi na moja jioni hadi saa moja asubuhi. Krisanthemamu ina tabia hiyo hiyo, na wakulima wa mashamba makubwa ya maua huitumia kinyume: huwasha taa katikati ya usiku ili mmea usichanue kabla haujarefuka. Taa haihitaji kuwa kali kwa kazi hiyo. Mmea unaambiwa tu kwamba usiku ni mfupi.

Gharama

Tyubu mbili za wati 10 zikiwaka kwa saa 12 hutumia uniti 0.24 kwa siku, au uniti 7.2 kwa siku 30. Anayelipa shilingi 30 kwa uniti atatumia shilingi 216 kwa mwezi. Rafu iliyotajwa hubeba vyungu 18 vya upana wa sentimita 10, kwa hiyo kila chungu hugharimu shilingi 12 za umeme kwa mwezi. Vayoleti iliyooteshwa kwa jani huchukua takriban miezi minane hadi kumi kufikia kuchanua. Muuzaji asiyeingiza shilingi 100 hivi za umeme katika bei ya kila chungu anauza faida yake. Kwa kulinganisha, rafu hiyo hiyo ikijazwa jirania itahitaji wati 60 kwa saa 14, na tokeni zitafika shilingi 756 kwa mwezi.

Anayeamua kununua taa maalum asitazame namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Taa nyingi huandikwa "1000W" huku zikitumia wati 100 au pungufu. Wati halisi huandikwa kwenye kibandiko cha kifaa cha umeme nyuma ya taa. Kisha aulize taa inatoa mikromoli ngapi kwa sekunde na azigawanye kwa wati hizo halisi. Tyubu nzuri ya nyumbani hutoa karibu 1.5 kwa kila wati, na taa nzuri ya mimea hutoa 2.5 au zaidi. Ikishindikana kupata namba hiyo, hakuna sababu ya kulipa zaidi ya bei ya tyubu. Nembo ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) ikaguliwe pia, kwani taa hizi hukaa karibu na maji. Soketi na nyaya ziwe juu ya vyungu, kamwe zisiwe chini yake.

Baada ya wiki mbili au tatu, majani yenyewe yatasema. Yakinyooka juu kwa vikonyo virefu, mwanga ni mdogo, tyubu zishushwe. Yakibanana katikati, yakapauka au kujikunja kuelekea chini, mwanga umezidi, ziinuliwe au muda upunguzwe hadi saa 10. Kwa nyumba za Voi, rafu iwekwe chumba chenye ubaridi zaidi, kwani vayoleti hupenda nyuzi 18 hadi 24 na joto kali huangusha vichomozo vya maua hata taa ikiwa sawa.

Miche inunuliwe kwenye vitalu, ambako huuzwa aina zilizozalishwa kwa ajili ya vyungu, au ioteshwe kwa jani lililokatwa pamoja na kikonyo chake na kuchomekwa katika udongo mwepesi wenye unyevu. Ile ya Mbololo isiguswe. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza kuondoa mimea msituni bila kibali, na mmea wenye makao katika kilima kimoja tu hauwezi kustahimili hata wachimbaji wachache. Mkazi anayetaka ushauri kuhusu vitalu, udongo au kupanga rafu anaweza kumwona afisa wa kilimo wa wadi yake, akibeba jani lenye tatizo na, ikiwezekana, paketi ya taa anayotumia.