Maneno Adimu ya Kiingereza Yenye Mwisho wa -ough

Msomaji wa Kiswahili amezoea kuziamini herufi, kwa kuwa neno hutamkwa jinsi lilivyoandikwa. Imani hiyo humponza akutanapo na mfuatano -ough wa Kiingereza. Hata katika maneno ya kila siku hautabiriki: though hutamkwa "dho", through "thru", cough "kof" na rough "raf". Maneno yafuatayo ni adimu zaidi, na matamshi yake hayakisiwi.

chough ("chaf"): ndege mweusi wa jamii ya kunguru, mwenye mdomo na miguu ya rangi nyekundu, aishiye majabalini. Yumo katika nembo ya Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza.

clough ("klaf"): bonde jembamba lenye kingo za mteremko mkali. Hutumika kaskazini mwa Uingereza. Pia ni jina la ukoo.

lough ("lok" au "lokh"): ziwa, au mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, huko Ireland. Mfano ni Lough Neagh.

sough ("sau" au "saf"): mvumo wa upepo upitao mitini.

hiccough ("hikap"): kwikwi. Tahajia ya awali haikuwa na gh. Iliingizwa na watu waliodhani kuwa neno hili lina nasaba na cough, yaani kikohozi.

slough: (1) "slau": kinamasi, Marekani husemwa pia "slu". (2) "slaf": gamba alilojivua nyoka, kama kitenzi, kujivua gamba.

Chanzo cha mkanganyiko huu ni sauti iliyokufa. Katika Kiingereza cha Zama za Kati, gh iliwakilisha sauti iliyokaribia kh ya Kiarabu. William Caxton alianzisha uchapaji Uingereza mwaka 1476, na tahajia ikaanza kuganda wakati matamshi yangali yakibadilika. Katika baadhi ya maneno sauti hiyo ilitoweka, katika mengine ikageuka f, lakini herufi zikabaki palepale. Kiswahili kilifuata njia nyingine: wengi walipoacha kutamka kh katika "khabari", maandishi nayo yakawa "habari".

Kwa hiyo, -ough haimwelezi msomaji namna ya kulisoma neno. Humweleza tu kwamba kwa kawaida palikuwa na sauti ambayo sasa haipo. Na kama hiccough inavyoonyesha, hata ushahidi huo huweza kuwa wa uongo.

Katika slough, kosa la matamshi huharibu maana pia. Asomaye habari za nyoka kwa sauti na kutamka "slau" badala ya "slaf" humtumbukiza nyoka kinamasini ilhali alikuwa akijivua gamba. Ni salama zaidi kuyatazama matamshi katika kamusi kwanza, kisha maana.