Saa ya Dawa Ikipita: Mgonjwa wa Parkinson Wodini na Uchungu wa Wanaomuuguza

Mgonjwa wa Parkinson huweza kuingia hospitali kwa miguu yake, akitibiwa homa, ngiri au kidonda, kisha akatoka amebebwa. Ndugu husema hospitali imemmaliza. Wahudumu husema maradhi yamefika ukingoni. Mara nyingi zipo sababu mbili ambazo hazikutazamwa: dawa zake hazikutolewa kwa saa zake, au alipewa dawa nyingine zinazopingana nazo. Zote mbili zinazuilika, hata katika hospitali ndogo isiyo na bingwa wa mishipa ya fahamu.

Ugonjwa wenyewe

Maradhi haya yalielezwa mwaka 1817 na James Parkinson, daktari wa London. Chanzo cha dalili zake ni kufa polepole kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha ubongo kuongoza mwendo wa mwili. Inapopungua, mkono hutetemeka ukiwa umetulia, misuli hukakamaa, hatua hufupika na kila tendo huwa zito. Mvuvi hushindwa kufunga fundo la wavu. Msusi wa mikeka huona ukili unamponyoka vidoleni. Sauti hufifia, choo huwa kigumu, usingizi huvurugika.

Katika vijiji vya mwambao, kuanzia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo na Saadani, hali hiyo huweza kuitwa uzee, upepo mbaya au kurogwa. Ugonjwa huu hauambukizi, wala si adhabu. Kuchelewa kutambuliwa si jambo la Pwani pekee. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, ulipata wagonjwa 33 katika eneo lenye wakazi wapatao 161,000. Walio wengi kati yao hawakuwa wamewahi kutambuliwa kuwa na Parkinson.

Dawa yenye saa

Tiba kuu ni levodopa, ambayo hutolewa pamoja na kabidopa na hugeuzwa kuwa dopamini ndani ya ubongo. Haiponyi ugonjwa, ila hurudisha mwendo. Ugonjwa unapokomaa, nguvu ya kila kidonge hudumu saa chache tu. Ndiyo maana mgonjwa mmoja huweza kupangiwa saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane na saa kumi na mbili jioni.

Ratiba ya wodi haiko hivyo. Ikiandikwa katika faili "mara tatu kwa siku", kidonge cha alfajiri husubiri mzunguko wa saa mbili au saa tatu. Kufikia wakati huo mgonjwa ameganda: hawezi kujigeuza, hawezi kushika kikombe, na huenda hata kumeza kumemshinda. Chakula na mate huingia njia ya hewa na kuleta nimonia. Kulala upande mmoja huleta vidonda vya mgongo. Kujaribu kwenda msalani peke yake huishia katika kuanguka. Dawa ikikatizwa ghafla kabisa, huweza kufuata homa kali, kukakamaa kwa mwili mzima na kuchanganyikiwa. Hiyo ni hali ya dharura inayoweza kuua.

Dawa zinazopingana

Metoklopramidi, inayotolewa mara kwa mara kuzuia kutapika, huzuia kazi ya dopamini ubongoni. Vivyo hivyo haloperidoli na klopromazini, zinazotumika kumtuliza mgonjwa aliyechanganyikiwa. Kwa mgonjwa wa Parkinson, dozi chache tu zaweza kumnyang'anya mwendo aliobaki nao. Kwa kutapika, ondansetroni au domperidoni ni salama zaidi, ingawa moyo wa mgonjwa uangaliwe kwanza. Akichanganyikiwa, itafutwe sababu kabla ya sindano: maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji, choo kilichofunga, au dawa iliyorukwa.

Uchungu wa wanaouguza

Binti aliyemuuguza baba yake miaka sita anazijua saa zake kama anavyozijua saa za sala. Anaposimama kando ya kitanda na vidonge mkononi, akaambiwa asubiri zamu, anachokiona ni baba akizama mbele ya macho yake. Uso wa mgonjwa haukunjuki na sauti haitoki; wapitao hudhani hasikii, wakazungumza juu yake kana kwamba hayupo. Akili yake mara nyingi imo, na anayasikia yote. Msiba ukitokea baada ya hapo, familia hubaki na swali lisilozikwa: je, ingekuwa hivi kama angepewa dawa?

Muuguzi naye ana mzigo wake. Usiku mmoja huweza kuwa peke yake na wodi nzima, na huenda hakufundishwa kwamba kidonge hiki hakilingani na vingine. Lakini pale ambapo pande mbili hazisemezani, ndugu huanza kutoa vidonge kwa siri, muuguzi naye hutoa vya kwake, na mgonjwa hupata dozi maradufu.

Yanayowezekana leo

Kwa wahudumu: mgonjwa anapolazwa, aulizwe saa zake halisi, nazo ziandikwe kwa saa katika faili na katika kibao cha kitandani. Dawa isicheleweshwe zaidi ya nusu saa. Duka la dawa la hospitali likiwa halina, zitumike alizokuja nazo, kwa maandishi. Kufunga kabla ya upasuaji kusiwe sababu ya kuziacha. Timu ya usingizi iulizwe kama atazimeza kwa maji kidogo. Akishindwa kumeza, ufikiriwe mpira wa kulishia, bila kusaga vidonge vinavyoyeyuka taratibu. Kidonge kitangulie mlo kwa nusu saa hivi, kwa kuwa samaki, nyama na maharage huweza kupunguza kufyonzwa kwake. Kabla ya kubadili dozi, apigiwe simu daktari anayemtibu.

Kwa mgonjwa na familia: andikeni karatasi yenye majina ya dawa, dozi na saa, ikae pamoja na kadi ya kliniki. Njooni na vidonge katika pakiti zake, na msingoje viishe ndipo msafiri kutafuta vingine. Msitoe dawa kwa kificho. Ombeni kuonana na msimamizi wa wodi. Mbegu za upupu zina levodopa kweli, lakini kiasi chake hakijulikani kwa macho, hivyo zisitumike kuongeza au kubadili tiba bila daktari.

Na mgonjwa akifariki, familia ielezwe kwa ukweli kilichotokea, na wodi ikae ijiulize saa zipi zilipita. Majibu hayo yakiandikwa, atakayelazwa baadaye ataweza kutoka kwa miguu yake.