Jiko Likipiga Pii, Msinuniane!

Kicheni pati za mjini siku hizi zimebadilika jamani. Zamani bibi harusi alirudi nyumbani na masufuria na mapazia mpaka anakosa pa kuyaweka. Sasa hivi mashosti wakichangishana utasikia, "tumnunulie jiko la indaksheni". Tena tangu Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, habari ya kupikia umeme imeingia mpaka kwa wazee waliokuwa hawataki kusikia. Mimi naiunga mkono kwa mikono miwili. Moshi hakuna, na mtungi hauwezi kukuishia saa mbili usiku wageni wakiwa sebuleni.

Ila kuna kitu nimekiona kwenye nyumba nyingi za vijana wenzangu, na kwangu kimepita. Jiko likigoma, swali la kwanza haliwi "lina nini?" Linakuwa "nani kaligusa?" Hapo ndipo mke anakumbushwa bei ya kitu, mume anaambiwa hajui hata kuchemsha chai, na chakula kinaagizwa nje kwa hela ambayo haikuwa kwenye bajeti. Wakati mara nyingi jiko halijaharibika kabisa.

Kwanza tuelewane linavyofanya kazi. Chini ya kile kioo kuna koili ya waya wa shaba. Umeme ukipita humo unatengeneza nguvu ya sumaku, na nguvu hiyo ndiyo inayokipasha kitako cha sufuria. Kioo chenyewe kinapata joto kutoka kwenye sufuria, siyo sufuria kutoka kwenye kioo. Kwa hiyo kama kitako hakishikwi na sumaku, jiko litapiga pii pii, litaandika alama fulani, kisha litajizima. Sufuria zetu za kawaida za alumini hazifanyi kazi hapo. Chungu cha udongo cha kupikia samaki nacho hakifanyi. Hata za stenlesi, si zote. Chukua ile sumaku ya kubandika kwenye friji, iguse chini ya sufuria: ikinasa vizuri, pika, ikiteleza, usilaumu jiko. Sufuria ndogo sana, kama ile ya kuchemshia kikombe kimoja cha maziwa, au iliyobonyea kitako, nayo inaweza isitambuliwe.

Sasa hapa wapenzi wa ugali mnisikilize. Ukisonga, unaishika sufuria, unaiinamisha, unaiinua kidogo ili mwiko ufike chini. Jiko linaona sufuria imeondoka, linalia. Wengi wanadhani ni bovu. Si bovu, limefanya lilivyoagizwa, na ukirudisha sufuria katikati kabla halijajizima linaendelea. Dawa ni sufuria nzito yenye kitako bapa, mtu wa pili ashike mpini, na moto upunguzwe kabla ya kuanza kusonga. (Mume wangu sasa ndiye mshika mpini. Anasema ni cheo.)

Kwetu ugomvi wenyewe ulitokana na tui la nazi. Lilifurika likamwagikia kwenye vitufe, jiko likazima likiwa linalia. Likafutwa, likakaushwa, lakini vitufe vikakataa kabisa kuitikia kidole. Siku mbili ndani ya nyumba ni "ndiyo" na "hapana" tu, hakuna stori. Fundi wa mtaani akaja, akalitazama bila hata kulifungua, akasema bodi imekufa, tulete hela ya bodi mpya. Nikamwambia asubiri kwanza, nikatafuta kile kijitabu kilichokuja na boksi. Kumbe lilikuwa limejifunga kufuli ya watoto! Kile kitambaa cha kufutia kilikaa juu ya kitufe cha kufuli, basi. Nikabonyeza kitufe hicho hicho sekunde chache, jiko likawaka. Fundi akanywa soda yake akaondoka. Kwa hiyo vitufe vikigoma, kausha kioo na kidole, toa mafuta yote, angalia kama taa ya kufuli inawaka, kisha zima ukutani dakika chache na uwashe tena. Vikigoma baada ya hapo, ndipo uite fundi.

Zile alama za E0, E1, E2 na wenzake zisikutishe, lakini usizisome kwa kubahatisha. Kila kampuni ina zake: E1 ya jiko la jirani inaweza isiwe E1 ya kwako. Kijitabu kikipigwa picha kikakaa kwenye simu za wote wawili, mmeokoa mengi.

Alama inayowasumbua watu wengi ni ya umeme mdogo. Majiko yanayouzwa kwetu yametengenezwa kwa volti 220 hadi 240. Jioni, mtaa mzima unapowasha vitu, volti zinaweza kushuka na jiko likajizima ili lisijiumize. Umeme ukiwa mkubwa kupita kiasi ni vilevile. Ukiona taa za ndani zimefifia muda huohuo, tatizo haliko jikoni. Umeme ukikatika, chomoa plagi, na ukirudi subiri dakika kadhaa kabla ya kuchomeka. Ile kurudi kwa kishindo ndiyo inayounguza vifaa vya ndani. Hapo jiko linakufa kimya, halilii wala haliwaki. Angalia fyuzi ya plagi kwanza. Ikiwa nzima, ni kazi ya fundi wa elektroniki, na usilifungue mwenyewe: ndani kuna vitu vinavyobaki na umeme hata baada ya kuchomoa.

Plagi ikipata moto, hilo msilifanyie utani. Jiko la wati 2000 linavuta kama ampea 9. Ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu haiwezi mzigo huo, seuze ikiwa imebeba na pasi. Lichomeke moja kwa moja ukutani. Soketi ikiwa imelegea au ina harufu ya kuungua, acheni kulitumia mpaka fundi umeme aibadilishe.

Likijizima baada ya dakika kumi au ishirini, lihisi kwa chini: pengine limepata joto. Lina feni inayovuta hewa, na akina dada tunapenda kulitandikia kitambaa kizuri au plastiki yenye maua, tukaziba matundu. Liweke juu ya kitu kigumu, mbali kidogo na ukuta, na matundu yapigwe brashi kila mara. Mende wanapenda sana humo. Feni ikiendelea kuzunguka baada ya kuzima, iache imalize. Mlio wa kuvuma moto ukiwa mkali, au kubofyabofya moto ukiwa mdogo, ni kawaida kabisa.

Kioo kikipasuka, hata ufa mdogo kama unywele, jiko hilo halipiki tena. Usilifute, usiguse. Zima ukutani au kwenye meni swichi, uchomoe, maana supu ikipenya kwenye ufa inakutana na umeme. Na kama mama mkwe au mgeni yeyote amewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, asisogee karibu na jiko linalowaka. Uingereza wanashauriwa wakae umbali wa sentimita 60. Mwambieni mapema, kabla hajaingia jikoni kuwafundisha kupika.