Mguu Ukiuma Leo, Sema Leo



Fundi seremala hutunza msumeno wake. Mkata miwa hunoa panga lake kila asubuhi. Lakini kiko chombo kimoja tunachokitumia sisi sote, kiwandani na shambani, na hatukitunzi. Chombo hicho ni mguu. Unabeba mwili mzima tangu asubuhi hadi jioni, juu ya simenti, matope na mabaki ya vyuma. Tena ukiuma, wengi wetu tunaficha. Kibarua anaogopa kuambiwa kesho asirudi. Basi anafunga kitambaa, anameza kidonge, anaendelea na mzigo.

Taabu nyingi za mguu hupona kwa gharama ndogo zikishughulikiwa siku ya kwanza. Zikifichwa, huzaa ulemavu. Tuzitazame moja moja, halafu tuone sheria inasema nini.

1. KUTEGUKA KIFUNDO

Hapa Lubaga, wapakiaji wa mbao wa Ndeeba na mafundi wa Nalukolongo wanaijua taabu hii. Mtu anaruka kutoka kwenye lori, au anakanyaga ukingo wa shimo, mguu unapinduka kwa ndani. Zile kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa huvutika au kuchanika. Kifundo kinavimba na ngozi inageuka rangi.

Huduma ya kwanza ni hii:
(a) Acha kazi papo hapo. Kila hatua unayoongeza inazidi kuchana kamba hizo.
(b) Weka kitambaa chenye maji baridi, au barafu iliyofungwa kitambaani, kwa dakika 15 hadi 20. Rudia mara kadhaa kwa siku. Barafu isiguse ngozi yenyewe.
(c) Funga bendeji, isikaze hata vidole vikafa ganzi.
(d) Lala na mguu umeinuliwa juu ya mto au gunia.

Siku mbili za kwanza usikande kwa maji ya moto, wala usikubali mtu akusugue kwa nguvu. Uvimbe utazidi. Baada ya hapo anza kukichezesha kifundo polepole, kama unayeandika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu. Maumivu yakipungua, jizoeze kusimama kwa mguu huo mmoja. Anayerudi kubeba mizigo kabla kifundo hakijapata nguvu atateguka tena na tena.

Je, utajuaje kama mfupa umevunjika? Ziko dalili tatu za kukupeleka hospitali siku hiyo hiyo. Kwanza, huwezi kupiga hatua nne. Pili, ukibonyeza mfupa wenyewe wa kifundo, nyuma au kwenye ncha yake, unauma sana. Tatu, mguu umepinda au umekufa ganzi. Hapo inatakiwa picha ya eksirei.

Watu wengi hukimbilia kwanza kwa mganga wa mifupa, yule ambaye Waganda humwita omuyunzi. Hatuwadharau wazee wetu. Lakini hakuna mkono uonao ndani ya nyama. Mpakiaji mmoja aliyeteleza akishusha magogo alivutwa na kufungwa vijiti kwa wiki tano. Picha ilipopigwa, mfupa ulikuwa umeunga upande. Alipasuliwa, akakaa nyumbani miezi mingi, na leo anatembea akichechemea. Picha ingepigwa siku ya kwanza, huenda plasta peke yake ingetosha.

Hospitali hazikosekani. Mulago ni ya taifa. Katika divisheni yetu iko hospitali ya Lubaga, iliyoanzishwa na masista wa Kikatoliki mwaka 1899, na ya Mengo iliyoanzishwa mwaka 1897. Hizi mbili ni za makanisa na huwa na malipo. Viko pia vituo vya afya vya serikali vya Kawaala na Kitebi. Tangu mwaka 2001 malipo ya matibabu yalifutwa katika vituo vya serikali, isipokuwa wodi za kulipia za hospitali. Anza hapo kama mfuko ni mtupu.

2. KISIGINO KINACHOUMA ASUBUHI

Ukishuka kitandani, hatua ya kwanza inachoma kisiginoni kama mwiba. Ukitembea kidogo inapungua, jioni inarudi. Hii huwapata wanaosimama kutwa kwenye simenti, kama wenzetu wa viwanda vya nguo. Ni ule ukanda mnene chini ya unyayo uliochoka kwa kuvutwa.

Kabla hujashuka kitandani, vuta vidole kuelekea kwako mara kumi. Simama ukielekea ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, uegemee mpaka uhisi msuli wa nyuma unavutika. Hesabu hadi 30, rudia mara tatu. Jioni viringisha chupa ya maji baridi chini ya unyayo. Acha ndala nyembamba kazini, vaa kiatu chenye soli nene. Inahitaji subira ya majuma mengi, lakini wengi hupona bila kupasuliwa.

3. MSUMARI NA KIPANDE CHA CHUMA

Tundu la msumari ni dogo, lakini ndani kunabaki uchafu, na katika uchafu huo huishi mdudu wa pepopunda, ugonjwa unaoua. Osha kwa maji mengi na sabuni. Usimwage mafuta ya breki, petroli wala maji ya betri, maana huunguza nyama na hayaui mdudu aliye ndani. Nenda ukachomwe sindano ya pepopunda ikiwa imepita miaka mitano tangu ya mwisho, au kama hukumbuki. Mguu ukianza kupwita, kuvimba na kuwa wa moto, rudi upesi upewe dawa.

4. NDANI YA GAMBUTI

Gambuti huokoa mguu na panga na nyoka, lakini huchemsha vidole. Ngozi kati ya vidole inakuwa nyeupe, inachubuka, inawasha. Hao ni fangasi. Osha miguu, kausha kati ya kila kidole, paka dawa ya fangasi kutoka duka la dawa, na uendelee kuipaka juma moja au mawili baada ya kupona. Kuwa na soksi jozi mbili, moja imevaliwa, moja inakauka. Usiku gambuti zilale zimepinduliwa. Lengelenge usilipasue, lifunike.

Funza nao wasidharauliwe. Mwaka 2010 walisumbua sana watu wa Busoga. Toa funza kwa pini iliyochemshwa, kila mtu na yake, maana pini ya kuazimana huhamisha magonjwa ya damu. Nyunyizia maji sakafu ya udongo kabla ya kufagia.

5. MGUU UNAOVIMBA KWA UDONGO

Ndugu wa mashamba, hii ni yenu hasa. Mwaka 2015 katika wilaya ya Kamwenge, magharibi mwa Uganda, walionekana watu wenye miguu iliyovimba kama matende. Wataalamu walichunguza wakakuta si matende ya mbu. Ni ugonjwa uitwao podokoniosisi, unaoonekana pia katika nchi ya Mlima Elgon. Katika udongo wa milima ya volkano mna vumbi laini la mawe. Mtu akilima miaka mingi bila viatu, vumbi hilo huingia kwenye ngozi na kuharibu njia za maji ya mwilini.

Si uchawi, na hauambukizi. Uchunguzi wa Kamwenge uliona hatari kubwa kwa wasiovaa viatu kazini, na kwa wale waliongoja hadi mwisho wa siku ndipo wanawe miguu. Basi dawa yake mnaijua: viatu, na kuosha miguu kwa sabuni mara utokapo shambani. Uvimbe ukiwa umeanza, osha kila siku, paka mafuta, funga bendeji, inua mguu. Ukiwahi, uvimbe unaweza kupungua.

Mwenye kisukari naye akague nyayo zake kila jioni, kwani anaweza kukatwa na kitu asihisi. Kidonda kidogo kwake ni safari ya hospitali.

6. SHERIA INASEMAJE

Kwanza, viatu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awape vifaa vya kujikinga, pamoja na viatu, wanaofanya kazi za majimaji au zenye vitu vya kudhuru. Hiyo si zawadi ya tajiri.

Pili, fidia. Ukiumia kazini ukashindwa kufanya kazi kwa siku tatu mfululizo au zaidi, sheria ya fidia inakuhusu. Lakini taarifa lazima itolewe mapema, na isipite mwezi mmoja. Anayeficha mguu wake mwezi mzima anaifunga fidia yake kwa mkono wake mwenyewe.

Tatu, ugonjwa. Chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, aliyekwisha kufanya kazi mwezi mmoja bila kukatiza ana haki ya mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa kuugua.

Kwa hiyo siku ya kuumia fanya mambo manne. Mwambie nyapara mbele ya shahidi. Hakikisha imeandikwa katika kitabu cha ajali. Mwone mjumbe wa chama. Tunza kila karatasi ya hospitali.

Nanyi wajumbe, juma hili piteni mstari kwa mstari, mwandike nani hana viatu na nani anachechemea. Mtu mmoja akidai viatu huitwa mkorofi. Orodha ya majina arobaini ikiwekwa mezani, mwajiri hana budi kuisoma.