Je, Wajua? Mchekeshaji wa Kampala Aliyekuwa Waziri wa Idi Amin Filamuni

Stephen Rwangyezi, aliyeasisi kundi la ngoma la Ndere mwaka 1984 na ambaye kwa miongo mingi amewachekesha watazamaji wa Kampala kati ya ngoma moja na nyingine, ndiye aliyeigiza Jonah Wasswa, waziri wa afya anayetoweka baada ya daktari wa Kiskochi kumtilia shaka mbele ya Idi Amin, katika filamu The Last King of Scotland ya mwaka 2006.

Maonyesho ya Ndere yanakaribiana mno na vodevili, yaani burudani ya Marekani ya mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 iliyochanganya nyimbo, dansi, sarakasi na vichekesho katika jukwaa moja. Miongoni mwa ngoma zake imo ekitaguriro, fahari ya Ankole, eneo lenye mji wa Mbarara, ambayo wachezaji wake huinua mikono mithili ya pembe ndefu za ng'ombe.

Abby Mukiibi, naye mwigizaji wa majukwaa ya Kampala, aliigiza katika filamu hiyo hiyo kama Masanga, afisa wa usalama anayetisha kwa kunyamaza tu, jambo gumu kuliko kupayuka.

Forest Whitaker, Mmarekani aliyeigiza Amin, alijifunza Kiswahili kwa ajili ya filamu hiyo iliyorekodiwa Uganda, akatunukiwa Oscar mwaka 2007.